Kaya ya Watu Wanane, Kisiwa cha Skye, 1846–1852: Uchambuzi wa Kisa

## Usuli

Kaya hii iliishi pwani ya magharibi ya kisiwa cha Skye, Scotland, katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Malkia Victoria. Majina, kijiji na namba ya kiwanja vimeachwa makusudi. Ni kaya ya mfano: idadi ya watu, ukubwa wa shamba na mifugo vimewekwa katika kiwango cha wapangaji wadogo wengi wa kisiwa hicho, na maamuzi yake ni yale ambayo kaya za aina hiyo zililazimika kuyafanya. Njaa, mgao wa chakula, sheria na safari za uhamiaji ni historia. Hesabu za kilo na kalori ni makadirio yaliyofanywa kwa ajili ya uchambuzi huu.

Nyumbani walikuwa wanane: bibi mzaa baba mwenye miaka 66, baba, mama, kijana wa kiume wa miaka 19, binti wa miaka 17, na wadogo watatu wa miaka 11, 8 na 4. Walizungumza Kigaeli. Shamba lao, lile linaloitwa krofti, lilikuwa eka 4 kwa kodi ya pauni 4 kwa mwaka, pamoja na haki ya kulisha mifugo kwenye kilima cha kijiji. Walikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, mtamba mmoja na kondoo wachache. Mkataba wa maandishi haukuwepo. Upangaji ulikuwa wa mwaka hadi mwaka, na mwenye ardhi aliweza kuwatoa kwa notisi.

Udogo wa shamba haukuwa bahati mbaya. Mwanzoni mwa karne ya 19 wenye ardhi wa pwani ile waligawa vijiji katika vipande vidogo ili mpangaji asiweze kuishi kwa kilimo peke yake, alazimike kufanya kazi ya kuvuna na kuchoma mwani. Majivu yake yaliuzwa kwa watengenezaji wa vioo na sabuni. Baada ya vita vya Napoleon kwisha mwaka 1815, bei ya majivu hayo ilianguka. Kazi ikaondoka, vipande vidogo vikabaki, na watu wakaendelea kuongezeka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kuta mbili za mawe yasiyo na saruji, katikati zimejazwa udongo, juu ezeko la nyasi. Moto uliwaka katikati ya sakafu na moshi ulijitafutia njia. Ng'ombe walilala upande wa chini wa nyumba hiyo hiyo. Wageni waliandika juu ya uchafu huo kwa kuchukizwa, lakini mpango ulikuwa na akili: mifugo iliongeza joto, samadi ilikusanyika mahali pamoja, na ezeko lililojaa masizi liliteremshwa kila baada ya muda likawa mbolea ya matuta.

## Hesabu ya viazi

Kisa chote kimejengwa juu ya zao moja, kwa hiyo hesabu hii ni ya lazima.

Watu wanane wa umri huo, wakifanya kazi za mikono kwenye baridi, walihitaji takriban kalori 16,800 kwa siku. Tukichukulia kwamba viazi mviringo vilitoa robo tatu ya hizo, na maziwa, samaki na nafaka vikatoa robo iliyobaki, kaya ilikula karibu kilo 17 za viazi kila siku. Viazi vililiwa kwa miezi tisa hivi, kuanzia Agosti hadi Mei. Hiyo ni kama tani 4.6. Ongeza tani moja ya mbegu. Mavuno hayo yalipatikana kwenye eka moja na robo ya matuta yaliyorutubishwa kwa mwani, na kulimwa kwa jembe la mguu: mti mrefu uliopinda wenye ncha ya chuma, unaosukumwa kwa unyayo pale ambapo mawe na mteremko havimruhusu farasi kupita.

Eka ile ile ikipandwa oti ingetoa unga wa kuwalisha watu hao kwa takriban siku 50. Ikipandwa viazi, ilitoa chakula cha zaidi ya siku 200. Kwa hiyo anayesema kwamba wangepanda nafaka wasitegemee zao moja anapaswa kwanza aonyeshe eka nyingine nne zingetoka wapi. Eka moja na nusu ya oti na shayiri waliyopanda ililisha kaya miezi ya kiangazi, na majani yake yakawalisha ng'ombe majira ya baridi.

Kasoro ya viazi ni kwamba havihifadhiki. Unga ukiwekwa pakavu unavuka mwaka, lakini viazi vya Oktoba vimekwisha kuchipua ifikapo Mei. Mwaka wa mavuno mengi haukuweza kuufidia mwaka mbaya uliofuata.

## Kalenda ya kazi

Machi na Aprili: kukusanya mwani maji yakipwa, kuupandisha kwa vikapu mgongoni, kulima na kupanda. Kazi kubwa ya kubeba ilikuwa ya wanawake. Mei: kukata udongo wa kinamasi unaochomwa kama kuni. Kaya za visiwani zilihitaji vipande vipatavyo 15,000 kwa mwaka, na kila kipande kilikatwa, kikalazwa, kikageuzwa, kikasimamishwa kikauke, kisha kikabebwa. Anayekosa siku za Mei hawezi kuzilipa baadaye, kwa sababu udongo uliokatwa umechelewa haukauki kabla ya mvua za vuli.

Julai na Agosti: vijana wa kiume walivuka kwenda pwani ya mashariki, hasa Wick, kuwa vibarua katika mashua za heringi. Agosti na Septemba: mabinti walikwenda kuvuna nafaka kwenye mashamba ya kusini, nyanda za chini. Vuli: kuuza mnyama kwa wachuuzi waliowaswaga ng'ombe hadi soko la Falkirk. Fedha za heringi, za mavuno na za mnyama huyo ndizo zilizolipa kodi. Shamba lililisha watu, kodi ikatoka nje ya shamba. Wasomaji wengi wa historia hii huliruka jambo hilo.

## Kilichotokea na maamuzi yaliyofanywa

Agosti 1846. Bakajani chelewa, ugonjwa ule ule unaowasumbua wakulima wa viazi wa Njombe na Nyandarua, ulifika Nyanda za Juu za Scotland, eneo la milima la kaskazini na magharibi ambalo Skye ni sehemu yake, ukitanguliwa na hali ya hewa yenye joto na unyevu. Majani yalipata madoa, yakawa meusi kwa siku chache, harufu ya kuoza ikatanda. Kaya ilichimba mapema ili kuokoa kilichobaki. Viazi vilivyoonekana vizima viliwekwa shimoni, na humo vikaoza, kwa kuwa vimelea hushuka na maji ya mvua kutoka kwenye majani hadi kwenye kiazi kabla dalili hazijaonekana. Wakati huo wataalamu wachache tu walidai kwamba chanzo ni vimelea, na wengi hawakukubali. Salfeti ya shaba, dawa ambayo ingesaidia, ilianza kutumika dhidi ya magonjwa ya aina hii miaka ya 1880.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuuza mtamba na kuwabakiza ng'ombe wa maziwa. Mtamba alikuwa fedha ya kodi ya Novemba, lakini fedha hiyo ikanunua unga. Kodi ikawekwa kando kwa mara ya kwanza. Waliwaza hivi: mwenye ardhi anaweza kusubiri, tumbo la mtoto wa miaka minne haliwezi. Kwa mwaka mmoja fikra hiyo ilikuwa sahihi.

Majira ya baridi 1846–47. Serikali ilifungua maghala ya unga Portree, hapo Skye, na Tobermory, kwenye kisiwa cha Mull, ila kwa kuuza kwa bei ya soko, ikihofia kuharibu biashara. Bei ilikuwa imepanda kote Ulaya. Kanisa Huru la Scotland, lililokuwa na umri wa miaka mitatu tu, ndilo lililowahi kupeleka chakula cha bure visiwani, bila kuuliza mtu anasali wapi. Mmoja wa wenye ardhi wakubwa wa Skye, MacLeod wa Dunvegan, aliwalisha maelfu kwa fedha zake hadi akafilisika. Nyumbani, bibi na wadogo walikwenda pwani kila maji yalipokupwa, kubandua konokono wa miambani. Vyakula hivyo viliwashibisha kwa kiasi, lakini kiseyeye kiliibuka Nyanda za Juu mwaka 1847. Viazi vilikuwa chanzo chao pekee cha maana cha vitamini C, na unga hauna.

Februari 1847 na kuendelea. Bodi Kuu ya misaada iliundwa kutokana na michango ya hiari na kuanza kugawa unga: ratili moja na nusu (ratili ni wakia 16, karibu nusu kilo) kwa mwanamume kwa siku, robo tatu ya ratili kwa mwanamke, nusu ratili kwa mtoto aliye chini ya miaka 12. Kwa kaya hii ni wakia 24 mara mbili, wakia 12 mara tatu, na wakia 8 mara tatu. Jumla ni wakia 108, yaani kilo 3.06. Zikiwa oti, ni kalori kama 11,500: theluthi mbili ya mahitaji. Maziwa ya ng'ombe wawili yaliziba sehemu ya pengo. Wenye uwezo wa kufanya kazi walitakiwa kuufanyia kazi mgao huo, wanaume barabarani, wanawake kwa kusokota sufu na kufuma soksi.

Sehemu ya unga huo ilikuwa mahindi kutoka Marekani, na watu hawakuupenda. Msomaji anayejua sembe ataona tatizo mara moja: uji wa oti huiva upesi, unga mkavu wa mahindi unaotaka kuchemka muda mrefu ukipikwa kwa namna ile ile unabaki mbichi na kuumiza tumbo. Kuupika sawasawa kulihitaji moto zaidi, na moto ulitegemea udongo uliokatwa siku za Mei.

Masika 1847. Uamuzi wa pili, mgumu kuliko wote: kula mbegu au kuipanda. Viazi vilivyokuwa bado vizima Februari havikufika robo tani. Mama alitenga kiasi, akakata kila kiazi vipande vyenye jicho moja moja, nyama ya katikati ikaliwa. Walipanda kama robo eka ya viazi na kuongeza shayiri penye matuta yaliyobaki. Mavuno ya 1847 yalikuwa mazima, ila machache, kwa sababu mbegu ilikuwa chache. Wakubwa wa misaada waliona majani ya kijani na wakapata matumaini yasiyolingana na ukubwa wa eneo lililopandwa.

1848. Bakajani ilirudi. Bodi, ikihofia kuzoesha watu kupokea, ilileta masharti mapya: ratili moja ya unga kwa saa 8 za kazi, siku sita kwa wiki. Ratili moja ni kalori kama 1,700, na kuvunja mawe kwa saa 8 kunataka zaidi ya 3,000. Kiwango kiliwekwa chini makusudi, ili asiyekuwa na shida ya kweli asije. Baba na kijana wakatumia masika na Mei barabarani. Mwani ulibebwa nusu, na udongo wa kuchoma ukakatwa kidogo.

Kijana alikwenda Wick Julai. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Agosti 1848 dhoruba ilizipiga mashua za pwani ya mashariki na kuua wavuvi 100. Yeye alirudi mzima, ila mapato ya msimu yalikuwa madogo. Mwaka uliofuata alibaki nyumbani kwa amri ya mama yake. Uamuzi huo unaeleweka, na gharama yake ilikuwa kodi ya mwaka mzima.

Binti hakurudi baada ya mavuno ya nyanda za chini. Alipata kazi ya ndani Glasgow na akatuma shilingi chache kila nusu mwaka, baada ya kulipwa. Kati ya fedha zote zilizoingia nyumbani baada ya hapo, hizi ndizo zilizokuja bila kukosa.

1850–1852. Bodi ilifunga kazi mwaka 1850, viazi vikiwa bado vinaoza. Bei ya ng'ombe ilikuwa imeshuka tangu mwishoni mwa miaka ya 1840, hivyo ng'ombe mmoja aliyeuzwa mwaka 1850 hakuleta thamani aliyokuwa nayo 1846. Malimbikizo ya kodi yalifika pauni 12. Mashamba makubwa ya Skye yalikuwa sasa mikononi mwa wadhamini waliosimamia madeni ya wamiliki, na mdhamini kazi yake ni kuwalipa wadai. Kodi ya pauni 4 isiyolipwa ilimvutia kidogo kuliko mfugaji mmoja wa kondoo anayelipa kwa tarehe.

Mwaka 1851 Sir John McNeill alizunguka parokia za magharibi kwa niaba ya serikali na kupendekeza uhamiaji. Mwaka 1852 chama cha uhamiaji kilichoanzia Skye kilipanuka na kwa miaka mitano kikasafirisha karibu watu 5,000 kwenda Australia. Mwenye ardhi alichangia theluthi moja ya gharama za chama. Mhamiaji aliuza mifugo kununua nguo za safari na kusaini kwamba atalipa deni akifika. Zilipendelewa familia zenye nguvu kazi nyingi na watoto wadogo wachache.

Kwa kipimo hicho kaya hii ilikuwa bora. Mtoto mdogo alikuwa na miaka 10, na wa kufanya kazi walikuwa baba, mama, kijana wa miaka 25 na mwingine wa 17. Binti akaitwa kutoka Glasgow. Bibi, sasa na miaka 72, alikataa. Walijadiliana kwa majuma kadhaa. Mwisho walikubaliana aende kwa mdogo wake na kuomba aandikwe katika daftari la maskini la parokia, jambo ambalo asingeruhusiwa kulifanya kama mwanawe mwenye nguvu angekuwa bado anaishi naye.

## Matokeo

Saba waliondoka. Hakuna aliyekufa kwa njaa katika miaka sita, na hilo si jambo dogo: Ireland, kwa ugonjwa huo huo wa viazi, ilipoteza watu wapatao milioni moja. Krofti iliingizwa katika malisho ya kondoo. Malimbikizo yalifutwa kwa sharti la kuondoka, ng'ombe wa mwisho akageuka viatu na mablanketi.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni kubakiza ng'ombe wa maziwa. Kaya zilizouza wote vuli ya kwanza zilibaki na mgao wa unga peke yake, na mgao haukutosha watoto. Pili ni mshahara wa binti. Ulikuwa mdogo, ila haukutegemea hali ya hewa, bei ya ng'ombe wala maamuzi ya kamati ya Bodi iliyokaa Edinburgh. Ajabu ni kwamba ripoti nyingi za wakati ule zinamhesabu msichana wa aina yake kama mdomo uliopungua, si kama mlipaji.

Mgao wa 1847 ulistahili sifa pia. Ulihesabu kila kichwa nyumbani, mtoto na mzee, na hivyo ulifuata umbo la njaa yenyewe. Sharti la 1848 lilihesabu kazi, na hapo ndipo msaada ulipoanza kula shamba la aliyesaidiwa. Siku ya Mei iliyotumika barabarani ilirudisha kalori 1,700 leo na kuondoa moto wa majira ya baridi na mbolea ya matuta. Barabara hizo zilijengwa kweli na zinapitika hadi sasa. Kuzijenga Novemba hadi Februari, shamba likiwa limelala, kusingebadilisha barabara hata kidogo.

Kosa la kaya, kama ni haki kuliita kosa, lilikuwa kuiona kodi kama deni linalosubiri. Mwaka 1846 liliweza kusubiri kwa sababu mwenye ardhi alikuwa mtu anayewajua. Alipokuja mdhamini, deni lile lile likawa hati. Kaya haikuwa na njia ya kujua badiliko hilo linakuja, lakini mwaka 1847, walipopata fedha kidogo za heringi, kulipa hata pauni moja na kuchukua risiti kungewapa nafasi ya kuzungumza.

Kumzuia kijana asirudi Wick ndiko uamuzi pekee ambao wachambuzi wa uchumi wangeukataa. Hatuukatai. Idadi ya waliozama ilijulikana kila kijiji, na mashua zilikuwa wazi, bila sitaha. Mama alipima hatari kwa taarifa alizokuwa nazo.

Huulizwa mara nyingi kama Sheria ya Krofti ya 1886 ingewaokoa. Sheria hiyo ilikuja baada ya tume ya 1883, iliyoanza kusikiliza wapangaji hapo hapo Skye, na ilitoa mambo manne: usalama wa upangaji, kodi ya haki inayopangwa na tume mpya ya krofti, fidia ya maendelezo, na haki ya kurithisha. Tume hiyo mpya iliweza pia kufuta malimbikizo. Kwa kaya hii, kufutwa kwa pauni 12 kungezuia kuondolewa. Eka zisingeongezeka hata moja, na eka 4 bila viazi hazilishi wanane. Inawezekana kabisa kwamba vijana wangeondoka hata hivyo, wakiwaacha wazazi mahali pao. Kaya ingepungua badala ya kufutika.

## Kwa anayefuatilia kaya ya aina hii kwenye nyaraka

Sensa ya 1841 ilifanyika tarehe 6 Juni, na umri wa waliozidi miaka 15 mara nyingi uliteremshwa hadi tano iliyo chini, hivyo mtu wa miaka 39 anasomeka 35. Sensa ya 1851 ilifanyika tarehe 30 Machi: kibarua wa heringi atakuwa nyumbani, mtumishi wa ndani atakuwa ameandikwa Glasgow, chini ya jina la mwajiri. Daftari za kodi huonyesha jina la baba peke yake, hata pale ambapo aliyelipa ni binti. Orodha za abiria mara nyingine huwapunguzia wazee miaka na kuwaongezea vijana, kwa sababu nafasi ilitegemea umri.

Usajili wa lazima wa vizazi na vifo Scotland ulianza mwaka 1855, baada ya familia hii kuondoka. Kwa hiyo anza na bibi. Daftari la maskini, lililowekwa chini ya sheria ya 1845, lilimtaka mkaguzi aandike umri wa mwombaji, mahali alipozaliwa, hali ya nyumba yake, na watoto wake wako wapi na wana uwezo gani wa kumsaidia.